Mwembe wa baba umezeeka: tuukate au tuutunze?

Tawi lilianguka saa tisa usiku, mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea. Tuliosikia mshindo tulidhani ukuta wa jirani umeporomoka. Kulipopambazuka tukakuta tawi nene kama paja la mtu mzima limelala katikati ya ua. Chini yake ilikuwa bembea ya watoto, ubao wake umevunjika vipande viwili.

Jioni iliyotangulia, watoto wangu wawili na wa dada yangu walikuwa wakigombania zamu kwenye bembea hiyo hiyo.

Kabla ya saa nne asubuhi kaka yangu mkubwa alishafika nyumbani kwa mama, Kijitonyama, akiwa na fundi mwenye msumeno wa mashine. Bei walishakubaliana njiani. Mwembe wote chini, na magogo achukue fundi.

Mama alikuwa ameketi kibarazani na kanga yake begani. Hakubishana. Alisema tu, "Baba yenu aliupanda kabla hajaezeka bati. Na vitovu vyenu viko pale chini. Sasa kateni."

Fundi alizima msumeno wake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno.

Nimeandika makala haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina mazungumzo kama hayo sasa hivi. Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Waliopewa walijenga polepole, chumba baada ya chumba, lakini mti walipanda mapema: mwembe kwa ajili ya matunda, mwarobaini kwa kivuli na dawa, mkungu wa kukalia jioni, mkrismasi wa kupendezesha geti. Ukienda Upanga, Chang'ombe, Raskazone kule Tanga au mitaa ya zamani ya Moshi utakuta miti yenye umri huo au zaidi.

Miti hiyo imezeeka pamoja na wazazi wetu. Nyumba zinapita mikononi mwetu, sisi wenye watoto wadogo, na wengi hatujui mti mzee unatunzwaje. Tunajua njia mbili tu: kuuacha kama ulivyo, au kuukata.

Tawi lilitueleza makosa yetu

Tuliomba siku nne za kufikiri. Jumapili akaja binamu yetu aliyesomea misitu Morogoro. Hakuangalia juu kwanza, kama tulivyotarajia. Aliuzunguka mti akiangalia ardhi, kisha akachuchumaa kwenye lile tawi lililoanguka.

"Nani alifunga hii kamba?" aliuliza.

Nilikuwa mimi. Miaka saba iliyopita nilifunga kamba ya nailoni kwa ajili ya bembea, nikaikaza vizuri ili isiteleze. Tawi liliendelea kunenepa, kamba haikulegea. Ikazama ndani ya gome mpaka haionekani.

Akatueleza kwamba maji hupanda kutoka mizizini kwa kupitia mbao za ndani, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa kupitia sehemu laini iliyo chini tu ya gome. Kamba, waya wa kuanikia nguo au mnyororo wa mbwa ukikaza pale, unakuwa kama mtu aliyefungwa mkono kwa mpira. Kwa nje tawi bado lina majani, lakini pale penye kamba linadhoofika mwaka hadi mwaka.

Karibu na palipovunjika kulikuwa na kisiki cha tawi dogo, kirefu kama kiganja, kilichooza. Hicho kilikuwa cha kaka. Alikikata kwa panga majani yalipokuwa yanajaa kwenye mfereji wa bati, akakiacha kimechomoza, kisha akapaka lami nyeusi ili "kidonda kipone".

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mti hauponi kama ngozi ya mtu. Sehemu iliyokufa haifufuki. Mti hujenga ukuta wa ndani kuitenga, kisha mbao mpya hukua kuizunguka na kuifunika taratibu. Mtafiti wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kuonyesha jambo hili, na kazi yake ndiyo iliyofanya wataalamu waache kupaka rangi na lami kwenye vidonda vya miti. Lami haizuii kuoza. Mara nyingine hufungia unyevu ndani. Na kisiki kilichoachwa kirefu mti hauwezi kukifunika, kwa hiyo kinakuwa mlango wa kuvu na mchwa kuingilia.

Kisha binamu akainuka na kuangalia sakafu ya ua. Vitofali vya pevingi vilikuwa vimetandazwa mpaka kwenye shina, vimelikumbatia kama kola ya shati. Tulivitandaza miaka mitatu kabla, tukafurahi kwamba sasa ua hauna tope. Upande wa jikoni, hatua tatu tu kutoka kwenye shina, palikuwa na mtaro wa bomba la maji taka. Mafundi walipokutana na mizizi minene kama mkono waliikata kwa shoka na kuendelea na kazi.

"Mti wenu hauna uzee peke yake," alisema. "Una wapangaji wakorofi."

Tulicheka, lakini kila mtu alikuwa ameshajua fungu lake.

Mizizi haiko pale unapodhani

Wengi tunafikiri chini ya mti kuna mzizi mmoja mkubwa ulioshuka moja kwa moja kama karoti. Kwa mti mzima, sehemu kubwa ya mizizi inayokula na kunywa iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya takriban sentimita 60 za juu, na inasambaa kupita hata mwisho wa matawi. Mizizi hiyo inahitaji hewa. Ukifunika ardhi kwa zege, ukiegesha gari pale kila siku au ukimwaga kifusi cha ujenzi, udongo unashindiliwa, hewa inakosekana, na mizizi inakufa kimya kimya. Majani yanaweza kuchukua miaka kadhaa kabla hayajaonyesha.

Kuna kipimo rahisi ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya na mtoto wake. Chukua futi ya fundi nguo, pima mzunguko wa shina kwenye usawa wa kifua, kama mita 1.3 kutoka chini. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Zidisha kwa 12. Jibu ni umbali kutoka shinani ambao unapaswa kuulinda pande zote, usichimbe wala kushindilia.

Mwembe wetu una mzunguko wa sentimita 220. Kipenyo ni kama sentimita 70, na mara 12 ni mita 8.4. Karibu ua wote. Mtaro wetu wa maji taka ulipita ndani ya mita mbili na nusu.

Viwanja vyetu ni vidogo na si rahisi kuheshimu mita nane. Lakini ukijua, utachagua upande. Bomba linaweza kuzungushwa. Ukuta unaweza kujengwa kwa nguzo zenye mashimo machache badala ya msingi mrefu unaokata kila mzizi.

Mti mzuri ndio ulikuwa mbaya

Tulitarajia binamu aseme kuhusu mwembe tu. Yeye akaenda getini.

Pale tuna mkrismasi, ule mti unaochanua maua mekundu kuanzia Novemba. Kila mtu anaupenda. Kaka huegesha gari chini yake akija. Tulipokuwa tunahukumu mwembe, hakuna hata mmoja aliyeutaja.

Alipiga magoti, akafukua majani makavu. Kwenye unyayo wa shina kulikuwa na uyoga mgumu, wa kahawia, umejipanga kama visahani. Akatuonyesha upande wa pili, ardhi imepasuka mstari mwembamba wa nusu duara na imeinuka kidogo. Mti ulikuwa umeinamia kichochoro, na picha ya simu ya miaka miwili nyuma ilionyesha kwamba haukuinama hivyo.

Uyoga wa namna ile kwenye unyayo ni dalili kwamba mbao za chini na mizizi zinaozwa. Ardhi inayopasuka na kuinuka upande ulio kinyume na mwinamo ni dalili kwamba mizizi inaachia. Dalili hizo mbili zikikutana, si mti wa kusubiri masika nyingine. Mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska, mizizi yake hutambaa juu juu na mbao zake ni laini. Ukizeeka kwenye kiwanja kidogo ni wa kuangaliwa kwa karibu.

Na kichochoro kile ndicho watoto wa mtaa mzima wanapita kwenda shule.

Hukumu ikageuka. Mwembe uliotutisha ulikuwa na shina zima, mgongo mzima, matawi mawili ya kupunguza na moja la kuondoa. Mkrismasi tuliokuwa tunauegemea ulipaswa kuondoka. Kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kusogeza gari lake.

Tuliukata mwezi wa sita baada ya kupata kibali. Ulipolala, kisiki kilikuwa kitupu katikati. Niliingiza mkono hadi kiwiko na vidole havikugusa mbao ngumu.

Dalili za kuangalia, mara mbili kwa mwaka

Huku pwani tuna masika na vuli. Kabla ya kila msimu, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, zunguka mti wako kwa dakika kumi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, lakini mti hauwezi kutunzwa siku mbili kabla ya upepo. Angalia haya:

- Uyoga kwenye unyayo, kwenye mizizi iliyochomoza au kwenye kidonda cha zamani.
- Ardhi iliyopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina.
- Mti ulioanza kuinama hivi karibuni. Ulioinama tangu utoto na ukajirekebisha kwa kupinda juu hautishi kama ule ulionyooka miaka 30 kisha ukaanza kulala. Piga picha kila mwaka, mahali pale pale.
- Panda yenye pembe kali, matawi mawili mazito yanayobanana kama herufi V, hasa kama kuna ufa au maji yanachuruzika.
- Matawi makavu juu, au kilele kinachopukutika wakati sehemu nyingine ni kijani.
- Unga wa mbao au njia za udongo za mchwa. Mchwa wengi hufuata mbao zilizokwisha kufa, hivyo jiulize nini kiliua sehemu ile kwanza.
- Mmea mgeni uliotua juu. Ndege huacha mbegu kwenye panda, na mtini wa porini unaweza kuota pale, ukateremsha mizizi na kuubana mti mwenyeji. Ung'oe ukiwa mdogo.

Shina lenye uwazi si lazima liwe hukumu ya kifo. Sehemu inayopitisha maji na chakula ni ya nje, na bomba tupu lenye kuta nene husimama vizuri. Swali ni unene wa ukuta uliobaki, na hilo ni la mtaalamu. Usijaze tundu kwa saruji kama tulivyozoea. Saruji haipindi mti unapoyumba, na mti unaendelea kuoza nyuma yake bila wewe kuona.

Usinyoe mti kipara

Mtaa wa pili kuna mwarobaini ambao mwenye nyumba aliogopa baada ya kusikia habari zetu. Akaita vijana, wakakata kichwa chote, yakabaki mashina yamesimama kama vidole. Walimwambia mti utachipua vizuri.

Kweli umechipua. Hilo ndilo tatizo. Mti ulionyang'anywa majani yote hutoa machipukizi mengi kwa pupa ili usife njaa. Machipukizi hayo hayajajishika ndani ya mbao kama tawi la asili. Yamebandikwa juu juu, pembeni ya kidonda kinachooza. Baada ya miaka michache yatakuwa mazito, na yataanguka kwa urahisi kuliko matawi yaliyokatwa. Mwenye mti amelipa pesa kununua hatari ya baadaye.

Kanuni ya kushika ni hii: kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi, na kwa mti mzee punguza chini ya hapo. Anza na makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Kama tawi ni refu na zito, lipunguze mpaka kwenye tawi dogo lililo hai litakaloendelea kuongoza, badala ya kulikata popote katikati.

Ukatajaji wa tawi nene una hatua tatu. Kata ya kwanza ni kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi moja tu ya unene. Kata ya pili ni kutoka juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza, na tawi litaanguka bila kuchana gome la shina. Kata ya tatu ni ya kuondoa kisiki. Angalia pale tawi linapoungana na shina, utaona uvimbe kama pete au shingo. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata uvimbe, umeondoa sehemu ambayo mti unaitumia kufunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kidonda hakifungiki.

Usipake kitu. Acha wazi.

Kwa mwembe, wakati mzuri ni baada ya mavuno kwisha, kabla maua hayajaanza kuonekana kwenye miezi ya baridi. Tawi la hatari halisubiri msimu. Na utomvu wa mwembe huunguza ngozi, hivyo watoto wakae mbali na vipande vibichi.

Fundi wa kupanda juu na msumeno si kazi ya kijana yeyote mwenye panga. Muulize atajifunga vipi, tawi litashushwaje, na kama ameelewa wapi pa kukata. Yule fundi wa kwanza alikuwa anakata mti mzima kwa bei nafuu kwa sababu magogo ndiyo yalikuwa malipo yake. Aliyetukatia matawi matatu kwa kamba, taratibu, alitugharimu zaidi. Ukimlipa mtu kwa magogo, atataka magogo mengi.

Tulichofanya chini

Baada ya matawi, kazi kubwa ilikuwa ardhini. Tuling'oa pevingi kwa mkono, duara la mita mbili na nusu kutoka shinani. Hatukuchimba, maana kuchimba ni kukata tena mizizi. Tulichoma tu udongo kwa chuma chembamba hapa na pale ili ulegee, tukatandaza majani makavu na matawi yaliyosagwa kwa unene wa sentimita tano hadi kumi.

Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja pande zote, la sivyo gome litaloa muda wote na kuoza. Mama alikuwa na desturi ya kufagia kila jani na kulichoma kila asubuhi. Alituambia ua wenye majani ni ua wa mvivu. Tulikubaliana kwamba atafagia nje ya duara, na ndani ya duara majani ni chakula cha mti. Bado ananung'unika, lakini hachomi tena chini ya mti. Moto wa taka karibu na shina huunguza gome na mizizi ya juu, na jeraha huonekana baada ya muda.

Wakati wa kiangazi kikali, mti uliokatwa mizizi hufaidika na maji mengi mara moja kwa wiki au mbili, yakimwagwa taratibu mbali na shina, pale matawi yanapoishia. Kikombe cha maji kila siku kwenye shina hakifiki kwenye mizizi inayokunywa. Maji ya kufulia yenye sabuni kali na dawa ya kung'arishia usiyaelekeze huko.

Chokaa nyeupe tunayopaka mashina haina ubaya mkubwa, lakini usidhani ni tiba.

Kabla hujagusa msumeno

Kama tawi liko karibu na nyaya za umeme, usiguse, hata kwa mti mkavu au ngazi ya mbao. Toa taarifa TANESCO. Mti ukiangukia watu au nyumba, namba ya zimamoto ni 114.

Kwa kukata mti mzima, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Watakuelekeza kwa afisa mazingira wa kata au afisa misitu wa halmashauri kuhusu kibali. Piga picha za uyoga, nyufa na mwinamo. Zilitusaidia kueleza kwa nini mkrismasi hauwezi kusubiri. Kusafirisha magogo nako kuna taratibu zake, hivyo uliza siku hiyo hiyo.

Kisha nenda kwa jirani. Robo ya matawi ya mwembe wetu iko upande wa mzee wa jirani. Kwa miaka mingi tulidhani anakerwa na majani. Tulipokwenda kumwamkia na kumweleza, alituomba tusikate tawi la upande wake, kwa sababu ndipo anapokaa kusikiliza redio mchana. Tulipunguza uzito wa ncha tu. Aliruhusu ngazi iwekwe uani kwake, na kapu la kwanza la dodo msimu huu lilikwenda kwake.

Na watoto?

Mwanangu wa miaka sita aliuliza kama mti ulitaka kuwaumiza. Ni swali zuri, na tusilipuuze kwa kumwambia asikaribie tena mti. Nilimwonyesha kamba iliyozama kwenye gome. Nikamwambia mimi ndiye niliyefunga, na sikurudi kuangalia.

Bembea ipo bado, lakini imehamia kwenye fremu ya mabomba ya chuma. Mkitaka kuning'iniza kwenye mti, chagueni tawi hai, nene, lisilo na kidonda. Tumieni mkanda mpana badala ya kamba nyembamba, uwe umelegea, na muufungue kila baada ya miezi michache kuona gome. Siku za upepo na siku mbili baada ya mvua kubwa, hakuna kucheza chini ya mti wenye matawi makavu. Watoto wetu wanaijua sheria hiyo kama wanavyojua ya kutogusa jiko.

Pia tumewapa kazi. Mkubwa ndiye anayepiga picha mbili kila Februari na Septemba. Mdogo ndiye "mkaguzi wa uyoga". Anaikagua kwa bidii kuliko tunavyokagua sisi.

Panda mrithi sasa

Mwembe unaweza kuishi zaidi ya miaka 100, lakini hakuna mti wa milele, na kosa letu kubwa ni kungoja mzee afe ndipo tumtafutie mrithi. Pale ulipokuwa mkrismasi hatukupanda kitu, kwa kuwa mizizi iliyooza ingali chini. Tulipanda mwembe wa kubebesha mita sita kutoka pale, mbali na karo na ukuta. Miche ya kubebesha haipandi juu sana kama ya kokwa na huzaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka mitatu au minne. Panda shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Ukiifukia, unaanza kuiozesha siku ya kwanza.

Baba aliondoka miaka tisa iliyopita. Mama hazungumzi sana habari zake. Lakini siku ile tulipong'oa pevingi, alishuka kibarazani na fimbo yake, akasimama katikati ya udongo mweusi uliokuwa umefichwa, akaonyesha mahali kwa ncha ya fimbo.

"Cha kaka yenu kiko hapa. Chako pale. Cha dada yenu nimesahau."

Dada alilalamika sana kwenye simu.

Msimu huu maembe yalikuwa machache kuliko mwaka jana, kama binamu alivyotuonya, kwa sababu mti ulikuwa unajirudisha. Machache hayo yalikuwa makubwa. Mzazi unayesoma hapa ukiwa na mti mzee nyumbani kwako au kwa wazazi wako, kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini uzunguke mara moja ukiangalia chini. Kama umefungiwa kamba, ifungue.